Chapa Juu ya Chapa

Ungetaka kumwona mtu aliyekosa asijue pa kuweka mikono, ungemtazama Shuaib wiki ile baada ya harusi ya binti yake. Yeye ndiye mtunza msikiti wa mtaa wetu hapa Garissa, na mashine ya msikiti ya kufyonza vumbi ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, imekufa.

Mashine ile ilikuwa wakfu. Abshiro, mjane ambaye mtaa mzima tunamwita Eeddo, yaani shangazi, aliinunua kwa Wazungu wa misaada walipofunga ofisi yao mwaka wa tisini na tano, akaitoa kwa jina la marehemu mumewe. Kila Alhamisi alasiri huketi upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akiisikiliza ikinguruma huku akimwombea mzee wake. Mali ya wakfu haiendi harusini. Shuaib alilijua hilo kuliko sisi, maana ndiye anayetukemea tukiazima hata birika la udhu.

Lakini wageni walikuwa wanatoka Wajir na mazulia yake yalijaa mchanga. Akaibeba mashine nyumbani ndani ya gunia. Kisha akakumbuka kwamba Eeddo angekuja, na angeiona. Mama yule miguu haimsaidii, lazima afuatwe na mtu. Shuaib akamwambia mkewe Ramla kwamba Eeddo anaumwa, asisumbuliwe. Basi hakuna aliyekwenda kumchukua.

Asubuhi ya harusi Ramla alifukiza chumba cha bibi harusi kwa uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari. Chetezo kikapinduka juu ya zulia. Mwanamume mwenye akili angeliokota kaa la moto kwa koleo. Wetu akalifyonza pamoja na uunsi wake. Mashine ikakohoa moshi, ikanyamaza.

Yarrow, fundi wa redio pale sokoni, alisema mota imeungua na nyingine itatoka Nairobi. Lakini mota ya kampuni gani? Bamba la mashine lilisema Malkia, na Malkia lilikuwa duka tu, lililofungwa zamani, lililokuwa likinunua mashine za wengine na kuzibandika jina lake. Yarrow akainua mikono.

Shuaib alichunga ngamia miaka mingi kabla ya kushika funguo za msikiti. Ngamia wa wizi huchomwa chapa mpya juu ya ile ya zamani, na ya zamani haifi. Unalowesha manyoya, unapapasa. Akaling'oa bamba, akapaka maji, akafumba macho na kupitisha kidole. Plastiki ilikuwa na makovu. Yarrow akaleta tochi, wakasoma pamoja: Orvik. Fundi akacheka, akasema mota za Orvik zimejaa tele Nairobi. Shuaib hakucheka. Vidole vile vile vilikuwa vimewaumbua wezi mnadani, na leo mwizi ni yeye. Aliona haya hata kuvitazama.

Mota ikaja na basi. Alhamisi mashine ilikuwa mahali pake, bamba limegandishwa tena, na Eeddo yuko nyuma ya pazia. Shuaib akaiwasha. Ikanguruma vizuri. Halafu msikiti mzima ukanukia harusi.

La kuvunda halina ubani, husema watu. Hili lilikuwa nao, tena ndio uliolifichua.

Eeddo akamwita. Shuaib akazima mashine, akasogea karibu na pazia.

"Huo ni uunsi wangu," alisema Eeddo. "Niliupika kwa mkono wangu, nikamtumia bibi harusi."

Shuaib hakuwa amejua kwamba zawadi ile ilitoka kwake. Akaeleza yote, gunia, kaa, bamba, na ule uongo aliomwambia Ramla, bila kujitetea. Akamwomba radhi, akazisukuma funguo za msikiti chini ya pazia. Zikarudishwa.

"Mashine imepona, na mzee wangu ataendelea kupata thawabu zake," alisema Eeddo. "Lakini nilivaa tangu alfajiri, Shuaib. Nikakaa mlangoni nikisubiri mtu. Jioni nikavua. Nilidhani mmenisahau."

Akainuka kwa fimbo yake. Shuaib akaziacha funguo pale chini, akamsindikiza pole pole hadi nyumbani kwake. Hapakuwa mbali. Hata mtoto mdogo angeweza kutumwa kumchukua siku ile.