Silabi Niliyoiruka

Mwalimu Sedekia alitufundisha kusoma kwa kunakili. Aliandika ubaoni, akasema, "Nakilini," nasi kina mama wa Igawa tukainamisha vichwa tukanakili. Aliyenakili vizuri alisifiwa mbele ya wenzake. Hata baada ya kufaulu mtihani wa kisomo mwaka 1975, sikuweza kusoma jambo likakaa kichwani mpaka niliandike. Macho yangu yalipita juu ya maneno kama ng'ombe wanavyopita penye majani makavu. Kalamu ndiyo iliyoyasimamisha.

Nalisema hili ili nieleweke, si kwa kujitetea.

Mwaka uliofuata nilinunua kitabu Iringa, katika duka moja karibu na soko. Kilieleza namna ya kumtunza mama mjamzito na mtoto mchanga. Mwandishi wake alikuwa muuguzi wa huko huko, jina lake Apolonia. Binti yangu Esta, aliyeolewa Mwanjelwa, alikuwa na mimba, na mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Nilitaka awe na kile kitabu. Nami nilikitaka, kwa sababu wanawake wa kwetu walikuwa wanakuja nyumbani niwasomee.

Basi nikafanya nilichofundishwa, nikanakili chote. Yakawa madaftari matatu ya Esta. Kabla sijayapeleka, nikanakili mengine matatu ya kuweka kwenye debe lenye mfuniko, maana mchwa wa Usangu hawaulizi kitabu ni cha nani. Safari hii sikutazama kitabu. Herufi zake ni ndogo kama chawa, na mwandiko wangu mimi ni mkubwa. Nilinakili kutoka madaftari ya Esta, kisha nikampelekea yake.

Kazi ilipokwisha niliona mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa mmoja usio na namba. Mwalimu alitufundisha kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa hiyo huo nilikuwa nimeuruka. Nikasema na wenyewe uingie, pasipungue kitu. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi: Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini.

Nilipofika kwenye nukta nilikuwa bado nimeshika kalamu ile ile iliyonakili kitabu kizima.

Nilimwendea Mwalimu Sedekia. "Mwalimu, idhini ni nini?"

"Ni ruhusa, Mama Nkuba."

"Na anayefanya bila hiyo idhini?"

"Mwizi tu kama wezi wengine," akajibu, akicheka. Alidhani nafanya zoezi.

Sisi ni Wasukuma, tulishuka Usangu na ng'ombe wetu, na wapo waliokwisha kutuita wezi wa malisho. Sikuweza kumwambia hata mwanangu Nkuba. Nilimwambia nakwenda Iringa kununua chumvi. Alinitazama, maana chumvi ipo Igawa. Alinibebea kikapu mpaka barabarani, akasimama nami hadi basi likaja. Ndani ya kikapu mlikuwa na kile kitabu na madaftari yangu matatu.

Muuza duka alinielekeza kliniki anakofanya kazi Apolonia. Nilingoja kwenye benchi pamoja na wajawazito mpaka wote wakaisha. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nawe bibi una mimba?" akaniuliza.

"Nina wizi," nikamjibu.

Nikayaweka madaftari mezani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinivutia kiti. Akamwagiza mtu chai, akanisubiri ninywe kikombe chote kabla hajasema.

"Mama, maneno yale yaliwekwa na mchapaji. Mimi mwenyewe sikumbuki kama niliwahi kuyasoma. Umekinunua kitabu, umekiandika upya kwa mkono wako ili binti yako apone. Idhini nakupa, tena leo."

Nilitaka kulia kwa nafuu. Yeye akavuta daftari la pili, akaanza kusoma, akitabasamu kila alipoona nimechora mstari kwa rula. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hebu nisomee hapa."

Nikasoma: "Mama akitokwa na damu kabla ya siku zake, alale, akandwe tumbo, na apelekwe hospitali."

Alifungua kitabu, akakisogeza mbele yangu. Palikuwa pameandikwa: asikandwe tumbo.

Silabi moja. Nilikuwa nimeiruka nilipoandika mara ya kwanza, na mara ya pili nikainakili kasoro yangu kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Ni hatari sana?" nikauliza, ingawa niliona jibu usoni pake.

"Kumkanda anayetokwa na damu kunaweza kumuua yeye na mtoto. Madaftari ya binti yako uliyanakili kutoka wapi?"

"Ndiyo niliyotangulia kuandika. Haya yametoka kwenye yale."

Hakunikemea. Angenikemea ningepata pa kujificha. Alivua koti lake jeupe, akanisindikiza mpaka stendi, akamsihi utingo anikalishe mbele. Mlango ulipofungwa alikuwa bado ananiambia kupitia dirishani, "Soma yote, mama. Kitabu mkono huu, daftari mkono huu."

Basi lilipita Igawa. Nilijua Nkuba yupo karibu, lakini sikushuka.

Nilimkuta Esta nyumbani Mwanjelwa anachambua mchele, tumbo limetangulia mbele yake.

"Mayu! Umekuja mikono mitupu, hata kuku?"

"Lete daftari la pili."

"Hata salamu hakuna?"

"Esta, umetokwa na damu?"

"Hapana, Mayu. Kuna nini?"

Nilimwambia. Akaweka ungo chini. "Niliyaona hayo maneno," akasema. "Yalinishangaza, kwa maana mkunga wa hapa husema vingine. Lakini nikasema mama yangu ndiye aliyeandika, atakosea vipi?"

Tangu nizaliwe sijasikia sifa iliyonichoma kama ile.

"Lete nilisahihishe."

"Silo hapa. Nimempa Juliana jirani. Na yeye ana mimba. Amemfuata mumewe Makongolosi wiki mbili zilizopita, nikamwambia chukua hili, ni la mama yangu, litakusaidia."

Nilipanda lori la kwanza asubuhi. Njia ya Chunya ina kona nyingi, na mwanamke mmoja aliyeketi kwenye magunia alinipa nusu ya kanga yake nifunike mabega. Hakunijua. Nilitamani kumwambia asinifunike, kwamba huenda nimeua mtu. Lakini niliipokea.

Makongolosi nikaulizia nyumba ya Saulo, mchimba dhahabu, mume wa Juliana. Uani nikamkuta mama mzee wa Kinyakyusa anapukuchua mahindi. Alikuwa mama yake Saulo, jina lake Anyitike.

"Namtafuta Juliana," nikasema. "Mimi ni mama yake Esta."

Mikono yake ikasimama. "Wewe ndiye bibi wa daftari?"

"Ndiye mimi."

"Keti." Alinisogezea kigoda, lakini sauti yake haikuwa na urafiki. "Mkamwana wangu alitoka damu siku ya Jumatatu. Mwanangu akafungua daftari lako, akasoma. Akaniambia, mama, mkande tumbo. Nikamwambia sikandi. Akasema imeandikwa. Nikamwambia hata ng'ombe hakandwi akivuja, sembuse mtu. Akaniambia mimi mshamba, wenzangu walikwenda kisomo, mimi nikakataa. Mwanangu huyo! Mbele ya mkewe!"

"Na Juliana?"

"Yumo ndani. Tulimpeleka hospitali Chunya, wamesema alale tu. Mtoto anacheza tumboni. Lakini Saulo hajanisemesha tangu siku hiyo. Anasema nilibahatisha."

Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti kwenye maganda ya mahindi. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo.

"Hukubahatisha. Mimi ndiye niliyekosea."

"Inuka bwana, magoti yenyewe ya kizee haya," akasema, akanishika kwapani. "Watu watadhani nakudai."

Saulo alitoka ndani aliposikia sauti, daftari mkononi. Nikamwonyesha kitabu, kisha daftari. Alisoma huku na huku, midomo yake ikitembea. Akamgeukia mama yake.

"Mama yako alikuwa sahihi," nikamwambia. "Mwambie wewe. Mimi alishanisikia."

"Nimekosa, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, Juliana asikie!"

"Nimekosa, mama!"

Kutoka ndani tukasikia Juliana akicheka, kicheko cha mtu aliyekatazwa kutikisika.

Nikachukua kalamu. Nafasi ilikuwa finyu, nikaichomeka ile silabi juu ya mstari. Anyitike alisogea, akainamisha kichwa mpaka kilemba chake kikagusa shavu langu.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Ni haka kadudu tu?" akasema. "Ugomvi wote ule ni haka?"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilijaribu kucheka naye, nikashindwa. Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole kimoja kwenye kitabu na kimoja kwenye mwandiko wangu, nikaanza kusoma kwa sauti neno baada ya neno. Anyitike akavuta ungo wake karibu, akaendelea kupukuchua, akisikiliza kama lipo kosa lingine.