Ardhi Pande Zote Mbili

Mume wangu ni mpishi kwenye meli ya mafuta, na kwa miaka tisa amekuwa akiniambia neno lile lile: "Tuko bahari kuu, mama watoto. Lala usingizi." Nami nililala fofofo, maana ramani kwangu ilikuwa rangi ya bluu tu.

Kisha redio ikaanza kutaja katika kila taarifa mlango mmoja wa bahari, njia nyembamba kati ya nchi mbili zinazopigana. Roho juu, nikamkaba binti yetu, mwalimu wa jiografia, anifundishe. Akafungua atlasi mezani, kando ya maganda ya vitunguu.

"Nchi hii iko huku, hasimu wake yuko ng'ambo. Anayeshika kisiwa hiki cha katikati ndiye anayefunga mlango."

"Na meli zinapita wapi?"

"Hapo hapo, mama. Hakuna njia nyingine."

Nikaweka kidole. Ukucha wangu ulifunika kisiwa na njia yote.

Leo mchana mume wangu ametuma picha aliyopigwa asubuhi. Amesimama sitahani na aproni yake, ameshika sufuria, anacheka. Chini ameandika: bahari kuu, shwari kabisa.

Nyuma yake, kushoto, kuna mlima. Kulia kuna mlima mwingine.

Zamani ningeona sufuria tu.

Binti yangu aliinamia simu, akaikuza picha. Nilimkata jicho kana kwamba yeye ndiye aliyeipanga ile milima.

Kisha nikamjibu baba yake: "Nimeona, baba watoto. Bahari pana kweli. Leo nitalala usingizi."