Nilijibu Ruyigi

Naitwa Esteri, na kosa langu ni adabu. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyo. Ningekuwa na mdomo kama wa mdogo wangu Bazilio, leo ningekuwa na kitambulisho kama chake, wala nisingekuwa natembea barabarani nikiongea peke yangu kama mwehu.

Nilizaliwa Busunzu, hapa hapa Kibondo. Bazilio naye alizaliwa Busunzu, nyumba ile ile, tumbo lile lile, miaka mitatu baada yangu. Wazazi wetu ndio waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, wakapokelewa na Waha, wakapewa ardhi, wakalima. Kambini hatukukaa hata siku moja. Watu wa namna yetu wanaitwa walowezi, na mpaka leo nikilisikia neno hilo masikio yanawasha. Mlowezi! Mtu aliyejifunza kutembea kwenye migomba ya baba yake!

Miaka kumi iliyopita walikuja shuleni kutuandikisha, ili wanaostahili wapewe uraia. Tulikwenda watatu: mimi, Bazilio na mama yetu, Mama Nizigiyimana, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuzimika. Bwana aliyekaa mezani hakuwa mbaya. Alinikaribisha kiti, akaniuliza kwa upole, "Mama, kwenu ni wapi?"

Sasa ngoja nikueleze. Kwa sisi, ukiulizwa iwanyu, yaani kwenu, hutaji mahali unapolala. Pa kulala hata mbuzi anapajua. Unataja alikozikwa babu yako. Mtu akijibu vingine wanasema huyu hakulelewa, ameokotwa njiani. Mama alitufinya masikio kwa jambo hilo tangu tukiwa wadogo. Basi nikakaa vizuri, nikaweka mikono magotini, nikajibu kama binti wa watu.

"Kwetu ni Ruyigi."

Ruyigi iko Burundi. Sijawahi kufika, sijui hata kama ni mlima au bonde. Yule bwana akaandika, nami nikafurahi kwamba nimejibu sawasawa.

Akaingia Bazilio. Alikuwa ametokea kilabuni, ananuka pombe ya ndizi saa nne asubuhi. Akaulizwa swali lile lile. "Kwetu si hapa Busunzu? Kwani umeniona nashuka kwenye ndege?" Halafu akamjibia na mama, eti bibi haoni, mnamchosha bure, andika Busunzu tusonge mbele. Tulipotoka nje mama alimsema vibaya sana. "Unamkana babu yako mbele ya serikali!" Na mimi nikasaidia kumsema. Mana yanje, Mungu wangu, nilimsema mpaka akatuacha njiani.

Bazilio akapata uraia. Mama akapata. Jina langu likarudi na maneno mbele yake: amekiri mwenyewe kuwa kwao ni Burundi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kwamba hata mdomo wenye heshima huponza.

Tangu hapo ni nenda rudi. Kibondo mjini waliniambia faili liko Kasulu. Kasulu wakaniambia limerudi Kibondo. Nikapeleka barua ya mtendaji wa kijiji, wakasema mtendaji huyo amekwisha hama, lete ya mtendaji mpya. Nikapeleka cheti cha ubatizo, padri ameandika kabisa kwamba nimezaliwa Busunzu, wakasema hicho ni cha Mungu. Siku nyingine mtandao haupo. Siku nyingine mtandao upo, mwenye kuutumia amekwenda kwenye semina. Nilizoea mpaka walinzi wakawa wananiita shangazi.

Mwaka huu ikaja barua. Ndani ya siku thelathini niwe na kibali cha kuishi nchini, la sivyo nikaripoti kambini, na kutoka huko nirudishwe kwetu. Waliandika hivyo hivyo, kwetu. Nilikaa chini na ile barua nikalia. Sikulia kwa ajili ya Ruyigi. Nililia kwa ajili ya mama. Mama hafiki chooni bila mkono wangu. Hali mpaka nimwekee tonge kwenye kiganja. Bazilio ni mtu wa minada, leo Kasanda, kesho Kagerankanda, na mke wake alikwisha mkimbia. Mimi nikiondoka, mama anabaki na nani?

Basi tukapanda gari la alfajiri kwenda Kasulu, mimi na Bazilio, ameoga na hajanywa. Njia nzima nilikuwa najifundisha jibu moja kama mtoto wa chekechea.

Tulipokelewa na afisa mmoja wa uhamiaji anayeitwa Khamisi, kijana mstaarabu. Ndicho kinachoniuma. Angenitukana, ningejua la kumfanya.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Busunzu!" Nilitamka kwa nguvu mpaka watu wa foleni nje ya mlango wakageuka.

Akafungua faili, akapitisha kidole. "Hapa ulisema Ruyigi. Je, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Jamani. Nikisema siku ile, nimeidanganya serikali. Nikisema leo, nimeidanganya tena, na Ruyigi inabaki pale pale. Nikamweleza desturi yetu yote, babu, kaburi, kufinywa masikio. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, "Na wewe afande, kwenu wapi?"

"Pangani."

"Ulizaliwa Pangani?"

"Hapana, nilizaliwa Morogoro."

"Na unaishi wapi?"

"Si hapa hapa Kasulu?"

"Umeona sasa!" nikasema, nikapiga makofi kabisa.

Akacheka, na Bazilio akacheka. Kisha Khamisi akasema polepole, "Lakini Pangani iko Tanzania, mama."

Hapo hasira zote nilizopanda nazo gari zikanitoka, nikabaki na mkoba wangu magotini.

Naye nadhani alinihurumia. Akasema iko njia moja. Mgeni anaweza kuombewa kibali na raia ambaye atakuwa mwenyeji wake. Kabla hajamaliza, Bazilio alikwisha tupa kitambulisho chake mezani. "Mwenyeji ni mimi hapa! Lete fomu!"

Fomu ikaja. Jina la mwenyeji, akaandika lake. Jina la mgeni, akaandika langu. Niliutazama mwandiko wake mbaya ukiniandika mgeni, nikamwambia moyoni endelea tu, mdogo wangu, ni karatasi. Kisha wakafika penye uhusiano kati ya mwenyeji na mgeni. Bazilio akaandika DADA kwa herufi kubwa.

Khamisi akaweka kiganja juu ya lile neno. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Dada wa namna gani? Wa kanisani?"

"Wa kanisani kitu gani? Tumbo moja! Baba mmoja, mama mmoja!"

"Hilo sijalisikia," Khamisi alisema. "Na wewe usilirudie. Ukiandika hivi, faili lake linafungua lako. Kama baba ni mmoja na yeye ni wa Ruyigi, wewe uraia uliupataje? Na mama yenu je?"

Khamisi akachukua kitambulisho cha Bazilio, akakisogeza karibu na faili langu. Yeye Niyongabo. Mimi Ininahazwe. Kwa sisi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa yaliyowapata wazazi siku hizo. Hakuna jina la ukoo la kugawana.

"Majina hayafanani," akasema. "Kwenye karatasi hakuna kinachowaunganisha ninyi wawili." Akaichana ile fomu, akatoa nyingine mpya, akaiweka mbele ya Bazilio.

Bazilio, yule asiyekosa neno hata mbele ya askofu, alinitazama tu. Akiandika dada, tunang'olewa wote watatu. Akikataa kuandika, nang'olewa mimi, na mama anakufa kwa njaa ndani ya nyumba. Machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima. Nikaona huyu hawezi, na mkubwa ni mimi.

"Andika mtumishi wa nyumbani," nikamwambia. "Andika anamtunza mama yako."

"Dada..."

"Mama yako, Bazilio. Andika."

Akaandika. Khamisi akanigeukia, kwa sababu lazima na mgeni athibitishe kwa kinywa chake. Akaniuliza huyu bwana ni nani kwangu. Nikasema ni bosi wangu. Akaniuliza yule bibi ninayemtunza ni nani kwangu. Nikasema ni mama wa bosi. Sikukosea hata neno.

Muhuri ukapigwa. Khamisi akanisomea masharti, maana ndiyo kazi yake. Kibali kinafuata kazi. Kazi ikiisha, mgeni anatakiwa awe ameondoka nchini ndani ya siku saba.

"Kazi itaisha lini, afande?" Bazilio aliuliza, kama kwamba hakuelewa.

Mimi nilikuwa nimeelewa. Kazi ni mama, na mama ana miaka themanini na mbili.

"Na siku za matanga," nikauliza, "nazo zimo ndani ya zile saba?"

Alifikiri kwa dhati, kijana wa watu, akafunua na kitabu chake. Akasema hilo halikuandikwa, ataniulizia kwa wakubwa.