Kwaheri ya Mzee Naenda

Programu yangu ilikuwa inaaga vizuri tu. Ukibonyeza sifuri inaandika "Kwaheri", kisha papo hapo inakuletea menyu ileile: moja washa pampu, mbili zima, sifuri toka. Nilibonyeza sifuri mpaka kidole kikachoka. Kwaheri, menyu. Kwaheri, menyu. Ikifika saa sita mchana haijamfikia mwenye kampuni ya pampu, kazi anapewa mwingine, na kazi ile niliitaka kwa kufa na kupona.

Na sebuleni alikuwapo mjomba, kaka yake mama. Ukoo mzima tunamwita Mzee Naenda, kwa sababu akishafika kwako, wimbo wake ni huo.

"Haya mama, mimi naenda," aliniambia, akainuka kwenye kochi.

Niliruka kama nimekalia moto, nikamchukulia kofia yake kwenye msumari. Akafika katikati ya chumba, akasimama.

"Hivi yule jirani yenu mwenye cherehani bado yupo?"

Akarudi kukaa. Mjomba hafukuzwi, kwa hiyo nilirudi kwenye kompyuta na kofia mkononi, damu ikinichemka.

Akainuka tena, akaaga tena, akakaa. Hapo ndipo kichwa kikanifunguka. Mjomba alikuwa anatoka kwenye kochi, hatoki ndani ya nyumba.

Nikaitazama upya programu. Menyu ilikuwa ndani ya switch, inayochagua la kufanya kwa namba uliyobonyeza. Switch yenyewe imo ndani ya while, inayorudia kazi maadamu sharti lake ni kweli. Kwenye sifuri niliandika break, nikidhani inakutoa nje kabisa. Kumbe inakutoa kwenye switch tu, halafu while inakudaka na kukurudisha mwanzo. Na sharti nililoipa while lilikuwa namba moja, ambayo kwa kompyuta ni kweli daima. Nikaliita sharti hilo "mlango", nikaagiza kwamba mtu akibonyeza sifuri, kabla ya break, mlango nao uwe sifuri, yaani si kweli tena.

Nikajaribu. Kwaheri. Kimya. Nikaituma, saa sita iko puani.

"Imekubali kuondoka?" aliuliza mjomba. Safari hii alikuwa amefika hadi mlangoni.

"Imekubali, mjomba. Ilikuwa inaaga bure, sharti la kuirudisha halijabadilika."

"Sharti gani hilo?"

"Lile linaloizungusha. Hata iage vipi, sharti likiwa bado lipo, itarudi tu."

Akashika kitasa, akacheka kidogo.

"Basi mimi langu nalijua. Tangu tumzike mke wangu, nikifungua mlango kule kwangu hakuna wa kuniambia nimechelewa."

Mkono wangu ulikuwa tayari umemnyooshea kofia. Nikairudisha kofia kwenye msumari.

"Mjomba," nikasema, "yule jirani mwenye cherehani yupo. Kaa nikusimulie."