Tundu la Ubavuni

Jetiski ilizimika tena Alhamisi asubuhi, dakika tisa tangu iondoke ufukweni. Ashatu, aliyeketi nyuma ya Haidar, alitazama saa yake. Juzi ilikuwa tisa. Jana, nane na nusu.

"Hii inajua saa kuliko mwadhini," Haidar alisema bila kugeuka. "Fundi, mwenzio nimefunga. Leo kasia utapiga wewe."

Ashatu hakucheka. Mwezi ukiandama, Idi ingekuwa Jumamosi. Watoto wa mji mzima, na wengine waliojazana kwenye malori kutoka Makurunge, wangeshuka pwani na kuingia majini. Kikundi cha waokoaji kilikuwa na chombo kimoja tu chenye mbio, nacho ni hii jetiski ya zamani waliyopewa na hoteli iliyofungwa. Idi iliyopita Haidar aliitumia kumfikia mtoto aliyevutwa na mkondo, naye alimfikia dakika ya mwisho. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesema wazi kwamba isipotengemaa kufikia kesho, hakuna mtoto kuoga. Kila mtu alijua kwamba wataoga tu, kwa kificho, mbali na waokoaji.

Ashatu alikuwa amefuata utaratibu wa chuo cha ufundi: anza na rahisi, maliza na gumu. Alimwaga petroli iliyolala, akajaza mpya. Alibadilisha chujio. Alifungua kabureta, akasafisha vijitundu vyake, akaitia pampu ngozi mpya ya kusukumia petroli. Plagi zilikuwa na rangi njema. Hata hivyo injini ilikufa, na kilichomsumbua zaidi ni kwamba ikipumzishwa robo saa iliwaka kana kwamba haikuwa na neno.

Basi kuna kitu kinachoishiwa polepole, aliwaza, kisha kinajirudishia chenyewe.

"Shuka uishike," alimwambia Haidar.

Haidar alijitosa, akashikilia chombo. Ashatu alijivuta mbele, akalegeza kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeachiliwa mdomo. Alibonyeza starta. Injini ikawaka papo hapo.

"Umeisomea dua gani?" Haidar aliuliza.

"Haipumui. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Isipoingia, tangi linaing'ang'ania petroli, pampu inashindwa."

Ufukweni aliufuata mpira wa hewa kutoka kwenye tangi hadi ubavuni, chini ya usukani. Palipotakiwa kuwa na tundu palikuwa laini, pamepakwa rangi nyeupe. Alikwangua kwa ukucha. Ikatokeza pamba iliyosokotwa ikashindiliwa, inanuka mafuta ya papa.

"Kalafati," Haidar alinong'ona.

Wote wawili waligeuka kuelekea bandani. Mzee Mwinyimvua, mlinzi wa jetiski tangu miezi mitatu iliyopita, alikuwa akikunja turubai. Kabla ya ulinzi alikuwa ameziba nyufa za majahazi kwa kalafati kama hiyo, miaka arobaini.

"Toa, tunyamaze," Haidar alisema. "Kiongozi wetu Issa akisikia, mzee hana kazi."

Ashatu aliona wepesi wa njia hiyo. Lakini mtu aliyeziba kwa uangalifu kiasi hiki, akiliona tundu liko wazi, angeliziba tena. Tena hakupenda mtu mzima afichwe jambo la mikono yake mwenyewe. Akaenda bandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Ugonjwa nimeuona. Njoo, nawe ni fundi, nikuonyeshe."

Mzee aliinama, akaigusa ile pamba. "Kazi yangu hii. Siku niliyokabidhiwa niliikagua. Nikasema, chombo cha kuokoa watu kina tundu ubavuni, vijana hawa watazama. Imevuja?"

"Haijavuja hata tone."

"Haiwezi. Nimeziba vyombo vya kwenda Pemba."

Ashatu alimweleza habari ya tangi na hewa, taratibu, kama fundi anavyomweleza fundi.

"Kumbe miezi mitatu nimeikaba koo," mzee alisema.

"Ulitenda haki ya chombo cha mbao, mzee. Kosa ni letu tuliokukabidhi bila kukueleza."

Mzee alitoa kisu kiunoni, akaing'oa ile pamba. Kisha, kabla hajainuka, akauliza: "Na lile la nyuma?"

"Lipi la nyuma?"

"Dogo, karibu na mkia. Nililiziba siku ileile."

Ashatu alizunguka nyuma, akachutama penye mkia. Lilikuwa tundu la kutolea maji yanayoingia ndani. Wangetoa la hewa tu na kunyamaza, injini ingenguruma vizuri asubuhi nzima ya Idi, huku chombo kikijaa kimyakimya, mpaka Haidar azame nacho, pengine na mtoto mikononi. Haidar aliinamisha macho mchangani.

"Nalo tulitoe, mzee," Ashatu alisema. "Ahsante kwa kusema."

Walilitoa pamoja. Halafu mzee akataka aonyeshwe kila tundu lililobaki, akayataja mwenyewe mara mbili: hili la hewa, hili la maji, hili la kufungia taa.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti alikuja kushuhudia. Haidar aliondoka kwa kasi, akazunguka na kuzunguka. Ilipofika dakika ya tisa, Ashatu alibana midomo. Dakika ya kumi ikapita. Ya ishirini. Ya arobaini.

"Haya," mwenyekiti alisema. "Waoge."