Kiti cha Maboksi

"Mama Birika, leo wewe ndiye mteja wetu. Unataka tukujengee nini?"

Mama Birika aliweka sinia la vikombe mezani, akamtazama mkufunzi akidhani anataniwa. Miaka kumi na mitatu amewapikia chai watu wa ofisi hii, na hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini. Hata siku moja, jamani!

"Kiti," alisema.

Vijana wakacheka. Walikuja kujifunza kutengeneza programu za kompyuta, mkufunzi akawapa maboksi, mkasi na selotepu. Kila dakika kumi wamwonyeshe mteja walichojenga, wamsikilize, warekebishe, maana hata programu nzuri hujengwa hivyo hivyo.

"Sheria ni moja," mkufunzi alisema. "Mteja ndiye anayesema kazi imekwisha. Si mimi, wala si bosi."

Kiti cha kwanza kilibonyea kabla hajakaa vizuri. Cha pili kilikuwa kirefu, miguu ya mama ikaning'inia.

"Kwani huko jikoni unakalia nini, mama?" aliuliza msichana mwenye miwani.

"Ndoo. Naigeuza."

Akawaeleza bila haya: magoti yamevimba, ameomba kiti mara tano, na mara zote tano Meneja kamjibu kwamba mpika chai hana kazi ya kukaa. Hana kazi ya kukaa! Na chake yeye Meneja kinazunguka, tena kina magurudumu!

Wakampima goti kwa rula. Wakakunja maboksi mara tatu, wakaongeza egemeo. Raundi ya nne Mama Birika akakaa. Kiti kikalia kidogo, kikatulia. Akafumba macho.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Meneja.

"Chai yangu iko wapi? Na takataka hizi ni za nini?"

"Tunajifunza, mzee," mkufunzi alijibu.

"Mmeshajifunza. Kazi imekwisha. Wewe mama, inuka! Au umechoka na kazi?"

Kwa mazoea mikono ya Mama Birika ilikwisha kushika magoti ainuke. Halafu damu ikamchemka. Akairudisha mapajani.

"Haijaisha," alisema. "Mteja ni mimi." Akamgeukia msichana wa miwani. "Mwanangu, hapa pa kuwekea mkono, hebu paongeze kidogo."

Msichana akachukua mkasi. Huko jikoni birika likaanza kupiga mluzi, na Meneja akabaki amesimama mlangoni, akingoja mtu aende kuliepua.