Atakayeshindwa Atabaki Kwetu

Mwezi wa kumi mwaka 1975, zahanati ya kijiji kipya kando ya barabara ya Kaengesa ilikuwa na nesi mmoja tu, naye alikuwa amechoka. Jina lake Tusekile, mkunga kutoka Tukuyu, aliyeletwa Ufipa kwa miaka miwili na sasa alikuwa anaingia wa nne. Alizalisha, alisafisha vidonda, alipima watoto uzito, na tangu kampeni zianze alikuwa ameongezewa kazi asiyoiomba: kuulizwa kura apewe nani. Watu walimwona mgeni, hana ukoo pale, wakadhani hana upande.

Wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa TANU kama sheria ilivyotaka. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba.

Jembe alikuwa Ndugu Theodory, katibu tarafa. Mwaka mmoja nyuma, yeye ndiye aliyeshuka na mgambo kwenye vitongoji vya bondeni akawapa watu siku tatu wawe wamehamia kijiji kipya. Waliochelewa waliezuliwa paa. Mama Dominika, mjane wa makamo, aliezuliwa nyumba na kihenge siku moja. Mvua ya kwanza ikanyesha juu ya ulezi wake wa mwaka mzima, ukaota humo humo ndani kama kitalu. Lakini Theodory huyo huyo ndiye aliyelala wiki mbili chini ya turubai mpaka mabati ya zahanati yakafika, na ndiye aliyeleta bomba la maji ambalo wenyeji walikuwa wakiliomba tangu wakati wa mkoloni.

Nyumba alikuwa Mwalimu Beda, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alikuwa mpole, msikivu, na Jumapili aliongoza kwaya. Hakuwahi kumvunjia mtu nyumba. Watu wa bondeni walimpenda kwa alama yake kabla hajasema neno, na aliposema kwamba akifika bungeni atawaombea ruhusa ya kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, walimpenda zaidi. Tusekile alijua kwamba ruhusa hiyo haitatoka. Alijua na jambo lingine.

Mwezi wa pili mwaka huo, Kristiana, binti mdogo wa Mama Dominika, aliyekuwa darasa la saba, aliletwa zahanati akiwaka homa. Alikuwa amekunywa mizizi ya kutoa mimba. Tusekile alihangaika naye siku mbili. Siku ya pili msichana alimtaja mwalimu wake mkuu, kisha akamshika nesi mkono.

"Usimwambie mama," alisema.

Tusekile akaahidi, maana mtu anayekufa humbishii. Kijijini alisema ni homa ya tumbo. Baadaye aliwaandikia wakubwa wa mwalimu yule. Akaja mtu mmoja, akauliza shahidi yuko wapi, akaambiwa amezikwa, akafunga daftari lake. Mazishini Beda ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Kufikia mwezi wa kumi kijiji kilikuwa kimepasuka. Wenyeji walikuwa Jembe, waliohamishwa walikuwa Nyumba. Bombani wanawake walipanga ndoo mistari miwili. Kanisani watu wa bondeni walihamia viti vya kushoto, na hata harusi moja iliahirishwa mpaka uchaguzi upite. Kila upande ulikuwa na orodha ya maovu ya mgombea wa upande wa pili, na orodha zote mbili, kwa jinsi Tusekile alivyojua, zilikuwa za kweli. Tena ya Beda ilikuwa fupi kuliko ilivyostahili.

Jumatano ya mkutano wa kampeni, wagombea walifika pamoja kwenye Landrova moja na msimamizi wao, kama utaratibu ulivyokuwa. Tusekile hakwenda kuwasikiliza. Zita, binti mkubwa wa Mama Dominika, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na saa sita mchana mkono wa mtoto ulitoka kwanza. Tusekile alipouona, alimwacha Zita na mama yake, akakimbia na aproni yake mpaka uwanja wa mpira.

"Ndugu msimamizi, naomba gari," alisema huku akihema. "Zita anajifungua, mtoto amelala kimkingamo. Asipofika Sumbawanga wanakufa wote wawili."

Msimamizi aliangalia saa. "Nesi, gari hili ni la kampeni. Saa tisa tunatakiwa kijiji kingine. Subiri tumalize hapa, kisha tuone."

Theodory ndiye aliyekuwa akihutubia. Alikata sentensi katikati.

"Dereva! Teremsha vipaza sauti. Teremsha kila kitu."

"Ndugu Theodory, ratiba..."

"Ratiba nitaifuata kwa miguu. Dereva, hujasikia?"

Ilikuwa sauti ile ile iliyosema "ezua" bondeni. Watu wa upande wa kushoto wa uwanja walishtuka kwa mazoea, wengine wakasimama kabla hawajaelewa kwamba safari hii haikuwa juu yao.

Beda alikuwa ameshashuka jukwaani na kuvuka uwanja. Tusekile alipofika zahanati alimkuta amembeba Zita mikononi, shati lake jeupe likiwa na damu kifuani. Mama Dominika alipanda mbele na dereva. Nyuma, Beda aliketi sakafuni, mgongo kwenye bodi ya gari, akamlaza Zita kifuani mwake ili mashimo ya barabara yampige yeye. Tusekile alipiga magoti upande wa miguu.

Injini ilinguruma, vumbi likaingia. Walipopita daraja la kwanza Beda alisema kwa sauti ya chini, "Nesi, najua kwa nini unanitazama hivyo."

"Mshike vizuri."

"Hakuna siku inayopita nisimkumbuke."

"Unamkumbuka nani?" Tusekile aliuliza. "Mtaje jina."

Beda aliinua macho. Kisogo cha Mama Dominika kilikuwa mbele yake, hatua moja, kitambaa chake kikitikisika kila gari lilipogonga shimo. Hakutaja. Lakini kwa saa moja na nusu hakumwachia Zita. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na kila mwanamke huyo alipolia alimwambia, "Tumekaribia, dada, tumekaribia," kama mtu anayemsemesha ndugu yake wa damu. Tusekile alimtazama akachukia kwamba alikuwa akifanya vizuri. Angemwachia hata mara moja, kila kitu kingekuwa rahisi.

Hospitalini Zita alipasuliwa. Mtoto wa kiume alitoka amenyamaza, akapigwapigwa mgongoni, akalia. Mama Dominika alipiga magoti kwenye saruji ya korido mbele ya Mwalimu Beda, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kifipa na kwa Kiswahili. Beda alitazama ukutani.

Waliporudi kijijini kesho yake watu wa bondeni walimpokea Beda kwa vigelegele, na shati lake la damu lilizungumzwa mpaka Matai. Theodory alikuwa ametembea maili nane juani akakuta mkutano umeshatawanyika, akahutubia watu kumi na tatu. Hakuna aliyemshukuru, wala hakuonekana kusubiri kushukuriwa.

Ijumaa alasiri Mama Dominika alibisha hodi zahanati, amebeba mayai sita kwenye kibuyu kilichokatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zita hajambo. Wanasema wiki ijayo watamruhusu." Aliketi kwenye benchi, akakiweka kibuyu magotini. "Nina jambo linanisumbua. Kura yangu ilikuwa ya Nyumba tangu mwanzo. Lakini yule mwingine ndiye aliyetoa gari. Nikitaka kumchukia, namwona mjukuu wangu. Nikitaka kumsamehe, naukumbuka ulezi wangu. Wewe umesoma. Niambie."

Tusekile alikuwa akichemsha sindano. Alisogeza sufuria kutoka motoni, akaketi kando yake.

"Hata mimi sijui, mama. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Ninachokiona ni kwamba mmoja wao atakwenda Dar es Salaam, tutamwona mara moja kwa mwaka. Atakayeshindwa ndiye atabaki kwetu. Theodory akishindwa atarudi tarafani na mgambo wake. Beda akishindwa..."

"Atarudi shuleni. Kuna ubaya gani?"

Tusekile aliwaza mkono wa Kristiana ulivyokuwa wa moto, na kwamba darasa la saba mwaka huu lilikuwa na wasichana kumi na wanne. Kisha akavunja ahadi yake. Alisema yote, polepole, bila kupamba wala kupunguza: mizizi, jina, barua, mtu wa daftari.

Mama Dominika alikishika kibuyu kwa mikono miwili, mayai yakagongana kidogo ndani yake.

"Alilia?"

"Alilia, mama. Aliniomba nisikwambie."

"Na wewe miezi minane unanisalimia asubuhi na jioni."

"Ndiyo, mama."

"Juzi nilimpigia magoti."

Mama Dominika aliyatoa mayai moja moja, akayapanga mezani yasidondoke, akachukua kibuyu chake na kwenda zake.

Siku ya kupiga kura ilikuwa Jumapili. Foleni ilianzia kwenye mlango wa ghala la ushirika ikafika barabarani, wenyeji na waliohamishwa wamechanganyika kwa lazima, kila mtu akitazama kisogo cha aliye mbele. Mama Dominika alikuwa watu ishirini mbele ya Tusekile. Aliingia, akatoka, akapita bila kugeuza shingo.

Ndani, karani wa uchaguzi alikuwa Sadoki, mtu wa Mbeya aliyefanya kazi mjini Sumbawanga. Alimsalimia Tusekile kwa Kinyakyusa, akampa karatasi zake. Kura ya Rais ilikuwa ya ndiyo au hapana, haikumchukua muda. Ya ubunge aliishika mpaka Sadoki akakohoa nje ya pazia.

Jembe na nyumba, vimechorwa vizuri kama kwenye kitabu cha darasa la kwanza. Ikiwa kura ni shukrani, Theodory alistahili moja kwa ajili ya gari, na hata Beda alistahili moja kwa saa ile na nusu. Ikiwa ni hukumu, hapakuwa na wa kupewa. Alichokitaka ni mtu yule atoke darasani, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kumpeleka bungeni, apigiwe makofi, aitwe Mheshimiwa. Aliweka alama chini ya nyumba. Mkono wake ulikuwa mzito kana kwamba ametia saini cheti cha kifo.

Jembe alishinda kwa kura mia mbili na kidogo. Wenyeji walicheza ngoma bombani siku mbili. Theodory akaenda Dar es Salaam. Mahali pake tarafani akaja kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na mgambo wale wale. Jumatatu baada ya matokeo Mwalimu Beda alirudi shuleni.

Jumatatu hiyo hiyo, kengele ya asubuhi ilipolia, Mama Dominika alikuwa ameshaketi kwenye baraza ya shule, mbele ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Alikuwa na ungo na maharage makavu.

Beda alitoka. "Karibu, mama. Una shida?"

"Sina shida, mwalimu. Napukuchua maharage."

Alikaa mpaka msichana wa mwisho alipoondoka. Kesho yake alikuja tena. Alikwenda shambani alfajiri, akarudi kabla ya kengele, akakaa. Mwenyekiti wa kijiji alimwomba aondoke. Akajibu kwamba shule ni ya kijiji na yeye aliletwa kijijini kwa amri. Wiki ya tatu Zita alikuja na mtoto mgongoni, akaketi karibu naye. Siku moja mwanamke mmoja wa upande wa wenyeji, mwenye binti darasa la sita, alisimama akawatazama kwa muda mrefu, kisha akatua ndoo yake chini, na yeye akaketi. Hakuuliza kitu. Wasichana hawakuitwa tena ofisini. Beda alianza kuingia kwa mlango wa nyuma. Alikonda. Jumapili kwaya iliongozwa na mtu mwingine.

Tusekile alipita njia ya shule kila alipokwenda kuwaona wanawake waliojifungua. Mama Dominika alimwitikia salamu kuanzia wiki ya pili. Hawakuzungumza zaidi ya hapo.

Mwezi wa kwanza ikaja barua ya uhamisho. Beda alikuwa ameomba mwenyewe, akapewa shule nyingine ya msingi, mbali, chini huko baada ya Matai, na cheo chake kile kile. Tusekile aliisikia habari hiyo kwa dereva wa lori. Jioni Mama Dominika alipokuja zahanati, akamweleza.

"Mwalimu mkuu tena?"

"Tena."

"Huko nako kuna wasichana?"

"Wapo, mama. Ni shule."

Mama Dominika aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu yake iliyovimba kwa kukaa na kwa palizi.

"Ni mbali," alisema. "Sifiki." Kisha akauliza kama kuna dawa ya magoti.

Tusekile akampa vidonge sita, akamwelekeza avimeze na chakula, akaandika jina lake kwenye daftari, akamwita mgonjwa anayefuata.